Huruma kwa Pesa za Wenzetu

Gede, Jumapili jioni

Mwanangu Kahindi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nawe nakusikia huko nje ukicheka na babako huku mkifunga godoro kwa kamba. Mambo ya neti, ya maji ya kuchemsha na ya kutokula ovyo njiani, babako amekwisha kukuambia, na usipomsikiliza atakupigia simu akuambie tena. Mimi hayo nayaacha. Liko jambo moja ninalotaka uondoke nalo kesho, na kwa mdomo limenishinda. Nimejaribu tangu Ijumaa. Kila nikianza, anaingia mtu kuja kukuaga, nami nashukuru kimoyomoyo kwamba ameingia.

Unakwenda Garsen kusimamia mfuko wa afya wa wanavijiji. Siku ulipoleta habari kwamba umepata kazi hiyo, shangazi zako walipiga vigelegele, mimi nikaenda jikoni. Ulidhani nalia kwa furaha. Nilikuwa naogopa. Kazi unayoiendea naijua, kwa kuwa niliifanya hapa kwetu ulipokuwa mtoto, nikaiharibu, kisha nikaifanya tena. Wewe umesoma. Unazo hesabu za kukuonyesha ni watu wangapi wataugua na mchango uwe kiasi gani, na laiti tungekuwa nazo sisi wakati ule. Sitakufundisha hesabu. Nataka kukueleza yaliyonipata, kwa sababu hesabu zangu hazikuwa mbaya sana siku nilipoanza kupotea.

Mfuko wetu ulizaliwa hapa hapa barazani. Zamani zile mtu akilazwa, majirani walipitisha bakuli. Aliyejulikana, bakuli lake lilijaa. Kisha akaja mwanamke mmoja kutoka mbali, kibarua wa kupalilia mashamba ya watu. Uchungu ulipomshika vibaya, bakuli lilizunguka Gede yote likarudi na sarafu, maana hakuna aliyemjua. Alijifungua katika chumba cha kupanga, na hakupona. Nguo aliyozikwa nayo niliishona mimi. Wiki ile wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tulikaa tukaulizana kwa nini mtu angoje kupendwa ndipo atibiwe. Tukakubaliana kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, mzima na mgonjwa sawasawa. Anayeugua ataonyesha kadi katika kliniki ya daktari mmoja tuliyeelewana naye, atatibiwa, na mwisho wa mwezi mfuko utalipa. Wakanifanya mwenyekiti kwa sababu kila mtu hupita hapa kwangu kupunguziwa suruali.

Kulieleza jambo hilo kulikuwa rahisi. Kuwafanya watu walitake ndiko kulikokuwa kugumu. Wazee wa huko juu mashambani waliniambia kwamba kuulipia ugonjwa ambao haujaja ni kuuita. Bi Mwanaisha wa Dabaso, yule mama wa viazi vya karai, aliniuliza kama hii si bima, na kama ni bima, si kamari? Akaenda mwenyewe kwa ustadhi wake, akarudi baada ya siku kadhaa akaniambia, "Nimeelezwa kwamba tukichanga kwa nia ya kusaidiana, na hakuna anayechuma faida, haina ubaya. Lakini ukianza kuchuma faida, Mama Kahindi, nitajua." Akalipa. Tangu siku hiyo hakukosa mwezi hata mmoja.

Mwaka ulipokwisha, watu wazuri kabisa, wasio na ubaya wowote, walikuja kunidai. "Sikuugua hata siku moja," waliniambia. "Nirudishieni changu." Nikawaeleza kwamba chao kimemtibu jirani. Wengine walinielewa. Wengine walinitazama kama mtu aliyeuziwa sahani akaambiwa chakula amekula mwingine. Usiwacheke watu kama hao utakapowakuta huko. Mtu anayeishi kwa kibarua cha leo, ukimwambia anunue kitu kisichoonekana, unamwomba akuamini wewe kuliko tumbo lake. Hilo si jambo dogo.

Tulikuwa na sheria moja iliyonichoma moyo tangu mwanzo. Anayejiunga lazima angoje miezi mitatu kabla kadi yake haijaanza kazi. Bwana Jaffer ndiye aliyeisisitiza. Unamkumbuka, yule Mhindi wa duka la misumari na saruji pale stendi, aliyekuwa akikupa peremende. Alikuwa mweka hazina wetu. Alisema kwamba bila kungoja, watu watajiunga wakiwa tayari machela inawasubiri, kisha watoke wakipona.

Basi mjomba wako Charo. Mwaka mzima nilimsihi kaka yangu ajiunge akawa ananicheka. Alikuwa mgema, anapanda minazi asubuhi na jioni tangu hajaota ndevu, na aliona kuanguka ni kwa wale wasioijua kazi. Mwishowe mkaza mjomba wako Sidi alilipa kwa siri, kutoka pesa zake za kusuka makuti. Wiki mbili baadaye, mvua ilikuwa imenyesha, Charo aliteleza. Nilimkuta chini ya mnazi, paja limevunjika vibaya, anaomba tumfunike uso watoto wake wasimwone akilia. Daktari alisema lazima atiwe chuma, la sivyo hatatembea.

Kamati tulikutana nyuma ya duka la Jaffer. Nilisema mimi kwanza, na nilisema kwa muda mrefu. Nilisema mtu hapangi siku ya kuanguka. Nilisema mfuko huu ulianzishwa kwa huruma, na kama unashindwa kumhurumia mtu aliyevunjika paja, basi tuufunge. Wanawake wenzangu waliinamisha vichwa, wengine wakifuta machozi. Nani angeweza kunipinga? Nilikuwa mwenyekiti, na aliyeumia ni kaka yangu.

Jaffer ndiye aliyesema. "Mama Kahindi, nikimkopesha mtu dukani kwangu, nakopesha changu. Nikifilisika, nimefilisika mimi. Hapa tunatoa cha watu, nao hawamo humu ndani."

"Kwa hiyo kaka yangu awe kiwete?" nilimwuliza.

"Sikusema hivyo. Tumchangie sisi, kutoka mifukoni mwetu. Naanza mimi." Akatoa pesa akaziweka mezani.

Nilizisukuma zikamrudia. Niliona ananidhalilisha, kwamba anataka kaka yangu apitishiwe bakuli kama zamani, wakati pana mfuko niliouhangaikia kwa miguu yangu. Nikaomba wanaokubali sheria ilegezwe wanyooshe mikono. Ikanyooshwa yote isipokuwa wa Jaffer. Charo alitiwa chuma, na leo anatembea, unamwona. Nikienda kumtembelea nikamwona anachota maji kisimani, nafurahi. Ndiyo maana jambo hili halijawahi kuniwia jepesi. Kama angekuwa amekufa, ningesema nilikosea nikamaliza. Lakini anatembea.

Habari haikulala. Akaja mwanamke mwenye mimba kubwa, analipa leo na wiki ijayo anajifungua. Nikamtajia miezi mitatu. Akaniambia kwa upole, "Au ni kwa kuwa mimi sina ndugu kwenye kamati?" Nikampitisha. Akaja mzee mwenye ngiri, akaja mwenye sukari ambaye kidonda chake kilikuwa kimeanza kunuka. Kila mmoja alikuwa na machozi ya kweli. Nami nilikuwa nimekwisha kupoteza kinywa cha kusema hapana. Wakati huohuo wazima, waliokuwa wakilipa kwa shingo upande, walipoona mtu anaweza kungoja hadi augue ndipo ajiunge, waliacha kulipa. Wasingelaumiwa. Ningekuwa wao, ningefanya vivyo hivyo.

Daktari wa kliniki aliniita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya, na nakuomba huko uendako usiwageuze watu wa hospitali kuwa adui. Alinionyesha kabati la dawa, rafu mbili hazina kitu. "Mama, wauguzi wangu wana watoto," alisema. "Nimengoja deni lenu, nimengoja tena. Nikiendelea hivi nitafunga." Nikamwomba mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha nikaomba mwingine.

Na hapa ndipo nataka usome polepole. Huruma yangu kwa Charo ilikuwa kosa, lakini ni kosa ambalo hata leo mtu mwenye moyo angeweza kulifanya. Lililofuata si hivyo. Nilijua mfuko una deni, nikanyamaza. Nilijiambia wakisikia watakimbia, na wakikimbia ndio mwisho, kwa hiyo kunyamaza ni kuwalinda. Niliendelea kuzunguka nyumba kwa nyumba nikikusanya michango, nikitabasamu, nikiuliza habari za kuku na za wajukuu. Bi Mwanaisha alinilipa mkononi, mikono yake ingali na unga wa viazi, akaniambia, "Nashukuru Mungu sijaihitaji hiyo kadi, lakini nalala vizuri nikijua ipo." Nikamjibu, "Ipo, Bi Mwanaisha." Daktari alikuwa amekwisha kuniambia kwamba siku yoyote ataacha kupokea kadi zetu.

Siku hiyo ilifika wiki ileile. Mjukuu wa Bi Mwanaisha, Abdalla, ambaye bibi alikuwa akimlea tangu ananyonya, aliamka na homa kali, shingo imekakamaa, akaanza kutupa mikono na miguu. Bibi akampakata kwenye pikipiki hadi kliniki. Daktari alikuwa ametoka. Msichana wa mapokezi aliitazama kadi akamwambia kwamba kadi hizi zimesimamishwa tangu asubuhi, ni agizo, labda aweke pesa taslimu. Bi Mwanaisha alimwonyesha kadi mara ya pili, akidhani haikusomwa vizuri. Kisha akatoka kwenda kutafuta pesa. Akaenda kwa jirani, akaenda kwa dada yake, akauza makarai yake mawili makubwa na jiko. Mchana ulikuwa umeingia alipopata gari la kumpeleka mtoto hospitali nyingine mjini Malindi. Huko walimshughulikia vizuri. Walisema ni homa ya uti wa mgongo. Abdalla alipona. Lakini alipozinduka bibi yake alimwita, naye hakugeuka. Hakugeuka tena tangu siku hiyo.

Nilimwuliza daktari wa Malindi kama zile saa za kuhangaika ndizo zilizomla masikio. Alinijibu kwa uaminifu kwamba hawezi kusema. Ugonjwa ule huwafanyia watoto hivyo hata wanapofikishwa mapema. Huenda ndiyo, huenda siyo. Nimeishi na hiyo huenda, Kahindi, na sijui kama kuwa na uhakika kungekuwa kugumu zaidi.

Nilikwenda Dabaso. Sikutaka, babako ndiye aliyenisindikiza hadi njia panda akaniacha hapo. Bi Mwanaisha alikuwa amekaa kizingitini, mtoto amelala mkekani.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha."

"Marahaba." Alinisogezea kigoda, jambo ambalo lilinivunja zaidi kuliko kama angenifukuza. "Umekuja kunipa pole au kuniomba radhi?"

"Yote mawili."

"Ulijua siku ile uliyochukua mchango wangu?"

"Nilijua."

Alimfukuzia mtoto nzi kwa upindo wa leso. Kisha akasema, "Pole nimeipokea. Hilo lingine usiniombe mimi hapa mlangoni, tukiwa wawili. Si mimi peke yangu niliyelipa. Kaliseme mbele ya watu wote."

Tuliitisha mkutano katika darasa moja la shule ya msingi. Watu walijaa hadi madirishani. Nilisema yote, kuanzia paja la Charo hadi ile "ipo" niliyomjibu Bi Mwanaisha. Walinipigia kelele. Mtu mmoja alisema niliwaibia. Mwingine alitaka mfuko ufungwe saa ileile na kila mtu apewe chake, kana kwamba palikuwa na chochote cha kupewa. Charo alisimama kwa gongo lake akasema, "Ni mguu wangu ndio ulioanzisha haya," nao wakamwambia akae. Ilifika mahali nikainuka ili nitoke. Jaffer, aliyekuwa amekaa kando yangu, hakunitazama. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Kaa, mama. Hawajamaliza." Nikakaa. Kama ningetoka wakati ule, nisingeweza tena kupita njia ya Gede mchana.

Mwishoni aliinuka Bi Mwanaisha, na darasa likatulia. Alisema, "Mimi nitaendelea kulipa. Msidhani nimemsamehe huyu, hilo ni langu na Mola wangu. Nalipa kwa sababu mtoto huyu ataugua tena, na mimi ni mzee. Lakini nataka kila mwezi tusomewe hadharani tuna nini na tunadaiwa nini, hata kama ni aibu. Na mwenyekiti awe mtu mwingine."

Wengi waliondoka siku hiyo na hawakurudi. Waliobaki walikuwa wachache, nami nikabaki nao, si mwenyekiti tena, bali mkusanyaji wa michango upande wa Dabaso na Mida. Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi miguu imejaa vumbi jekundu, ukaniletea maji? Milango mingine nilifungiwa. Mama mmoja alikuwa akinitupia pesa chini niziokote. Niliziokota. Mwaka wa pili akanipa mkononi.

Tulijenga upya taratibu. Tuliacha kumwandikisha mtu mmojammoja anapojisikia vibaya, tukaandikisha kikundi kizima kwa pamoja, wavuvi wote wa Sabaki, waendesha pikipiki wote wa stendi, wanawake wote wa kikundi, ili wazima na wagonjwa waingie kwa mlango mmoja. Mkulima tukamruhusu alipe baada ya kuuza korosho, badala ya kumfukuza mwezi wa njaa. Huko uendako kuna wafugaji ambao kiangazi kikikaza wako mbali na ng'ombe wao, kwa hiyo waulize wao ni lini wana pesa, usiwapangie wewe. Na ile fikra ya Jaffer niliyoisukuma mezani tukaifanya. Pana kibweta cha pembeni cha wanaotaka kutoa kwa hiari. Anapokuja mtu mwenye machozi kabla ya miezi yake kutimia, tunamwambia mfuko hauwezi, kisha tunafungua kibweta. Wakati mwingine kimejaa, wakati mwingine hakitoshi. Siku kisipotosha, huwa silali vizuri. Lakini simchukulii mtu kile ambacho Bi Mwanaisha amekilipia.

Sasa imekuja bima mpya ya serikali, na wengine wanasema mifuko kama yetu imepitwa na wakati. Huenda. Wanachama wetu wengi hawawezi kuilipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, basi tunawachangisha kidogo kidogo hadi wafikie. Ikiwa siku moja hatutahitajika, nitashona magauni kwa amani. Usiupende mfuko kuliko watu, mwanangu. Nilipokuwa nikinyamaza, nilikuwa nikiulinda mfuko.

Utakosea. Sijui wapi, pengine mahali ambapo hata hesabu zako hazikuonyeshi. Utakapokosea, waambie kabla hawajajionea wenyewe mlangoni kwa daktari. Watapiga kelele. Kaa kwenye kiti.

Nimebakiwa na moja, na ndilo lililonikalisha hapa.

Ulipokuwa darasa la tatu, mwezi ule wa mkutano, ulirudi kutoka shule shati limechanika na mdomo umevimba. Nilipokuuliza ukasema umeanguka. Jioni mwalimu wako alipita hapa kunieleza. Kuna mtoto alisema mamako amekula pesa za wagonjwa, nawe ukamrukia. Nililishona lile shati, nikalipiga pasi, nikakutundikia. Hukuniuliza kama ni kweli. Nilikuona ukinitazama wakati wa kula, siku nyingi, na nilijua unaniuliza, nikakuongezea mchuzi.

Sikula, Kahindi. Hata senti. Lakini yule mtoto hakuwa mwongo mtupu, kwa kuwa kwao walilipa, na kadi yao ilikataliwa, na mimi nilijua. Ulipigana kwa ajili yangu bila kujua ulikuwa unapigania nini. Nilisimama mbele ya darasa zima la watu wazima nikawaeleza. Mwanangu alikuwa nyumbani, upande wa pili wa ukuta huu, na sikupata ujasiri wa kumweleza. Miaka yote hii watu wa Gede na Dabaso wamejua jambo la mamako ambalo wewe uliachiwa kulikisia.

Basi sasa unalijua. Ukitaka kuniuliza zaidi, niulize leo, au nipigie ukiwa huko, nami nitajibu lolote. Nasikia mmemaliza kufunga godoro. Wali umeiva, naja kuwaita mle.

Ni mimi mamako,
Kadzo